Simu Inayonihesabu Mtoto

Jumamosi, 4 Mei

Simu imenifukuza tena. Nilikuwa katikati ya sentensi. Kioo kikawa buluu, mwezi mwenye kofia ya kulalia ukachomoza, na maneno yakajipanga chini yake kwa upole unaokera: "Muda wako wa leo umekwisha. Ukihitaji zaidi, mwombe mzazi."

Nina miaka ishirini na minne. Nina shahada ya falsafa, daraja la kwanza. Simu haijui. Inachojua ni kwamba nina miaka tisa na kwamba nikiachwa nitasinzia darasani.

Niandike ilivyokuwa, ili nikija kuyasoma haya nisidhani nilirukwa na akili. Simu yangu ilitumbukia kwenye beseni la kufulia. Ikatoa viputo, ikanyamaza. Dada, ambaye naishi kwake, akanipa hii. Ilikuwa ya binti yake. Nyumba nzima tunamwita Spika, kwa sababu hakuna mazungumzo yanayofunguliwa wala kufungwa bila yeye. Daktari wa macho amemkataza vioo vidogo, simu ikabaki inalala kwenye droo. Imekuja kwangu na makufuli yake yote. Aliyeyaweka ni baba yake Spika, yaani shemeji yangu, mtu wa bima, ambaye hata kopo la sukari hulivisha mfuko wa nailoni na kuufunga fundo.

Njia fupi inajulikana. Shemeji yuko chumba cha pili, namsikia akikohoa. Nimwombe, abonyeze, yaishe.

Siwezi. Mwezi uliopita tukiwa mezani aliniuliza, bila ubaya wowote usoni, eti shahada ya falsafa inafungua mlango gani. Dada alicheka mpaka chai ikampalia. Nikajiapia kwamba sitamwomba mtu yule hata chumvi mpaka nipate kazi. Tangu hapo chumvi naifuata mwenyewe upande wa pili wa meza. Nazunguka viti vyote.

Na kazi yenyewe ndiyo hii imekuja. Taasisi ya kamusi imeniita kwenye usaili. Msaidizi wa mhariri. Alhamisi, saa tisa alasiri, kwa video, kupitia simu niliyojisajilia, nayo ni hii. Simu hii hairuhusu video. Hairuhusu kuzungumza na mtu asiyejulikana na familia. Ikifika saa nane mchana hairuhusu chochote isipokuwa hesabu za kujumlisha na bata anayefundisha herufi.

Nafasi ni moja. Nimeitamani tangu nikiwa na umri ambao simu inanidhania.

Lakini niseme kweli, maana hapa hanisomi mtu. Nilipokaa na simu mapajani nikiutazama ule mwezi, hasira iliniisha nikabaki na kitu kingine. Kitu kidogo kuliko kiganja, kisicho na misuli wala sauti ya ukali, kinamkatalia mtu mzima, na mtu mzima anakatalika. Nimesoma vitabu vizima kuhusu mamlaka. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeyaona kwa macho.


Jumapili, 5 Mei

Asubuhi, kabla mwezi haujachomoza, nilimwuliza mtaalamu mkuu kuliko wote, yaani simu yenyewe. Nikaandika: namna ya kuondoa udhibiti wa wazazi. Ikafikiri kidogo. Ikajibu: "Ukurasa huu si wa umri wako. Ombi la ruhusa limetumwa kwa mzazi."

Limetumwa. Nilizima data upesi, labda ujumbe nitauwahi njiani kabla haujavuka ukuta wa chumba. Nikatega sikio. Upande wa pili shemeji alikuwa anapiga pasi mashati yake ya wiki, kama kila Jumapili. Pasi ilisimama. Halafu ikaendelea. Naamini niliuwahi.

Nimeamua: data haitawashwa tena mpaka nishinde. Simu isiyo na mtandao haina wa kumsengenyea.

Baada ya hapo nikageukia namba ya siri. Tarakimu nne. Watu wanafikiri namba ya siri hubahatishwa. Mimi nasema husomwa kutoka kwenye roho ya aliyeiweka. Nilikaa chini nikaitafakari roho ya shemeji. Mtu wa utaratibu. Mtu anayenyoosha soksi. Nikajaribu tarehe ya ndoa yake. Siyo. Tarehe aliyozaliwa Spika. Siyo. Namba ya nyumba, iliyorudiwa mara mbili. Siyo. Mwaka timu yake ilipochukua kombe, maana hata mtu wa bima ana siku moja aliyopiga kelele. Siyo.

Simu ikaniambia nisubiri dakika moja. Nikakosea tena, nisubiri dakika tano. Tena, nusu saa. Tena, hadi kesho.

Sikuwahi kuona adhabu yenye akili namna hiyo. Haigombezi. Kila unapokosea inakuongezea muda wa kufikiria ulichokosea. Kama walimu wangu wangekuwa na subira hiyo, ningekuwa mtu mwingine.

Dada alipita na ndoo, akanikuta nimeinamia kioo nimefumba macho. Akauliza naiombea au inaniombea mimi. Nikasema najiandaa na usaili. Akasema haya mdogo wangu, Mungu akusikie, maana simu haionekani kukusikia.


Jumatatu, 6 Mei

Wazo limenijia nikiwa napiga mswaki. Ni zuri kiasi kwamba nilimeza povu.

Simu inanihesabu mtoto kwa sababu inahesabu miaka. Kalenda ya simu haina kufuli. Basi, badala ya kubishana nayo, nimkuze mtoto.

Nikaisogeza tarehe mbele. Mwaka mmoja, kisha mwingine, nazungusha gurudumu la tarehe kwa kidole gumba, hadi Spika wa simuni akafikisha miaka kumi na minane. Nikasimama. Nikahema.

Sijui nieleze vipi nilichokiona. Kwenye kiganja changu palikuwa na mwaka ambao hakuna aliyewahi kuishi ndani yake. Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, mawingu kiasi. Nilikuwa mtu pekee huko. Kalenda ikaniambia, bila huruma: "Usaili wa kamusi, miaka tisa iliyopita. Hukuhudhuria." Nilikaa kitandani nikajiona nikiwa na miaka thelathini na mitatu kwenye chumba hiki hiki, pembeni ya gunia la mkaa na baiskeli ya Spika yenye tairi moja, nikizunguka meza kufuata chumvi.

Halafu simu ikazinduka. Ikarusha karatasi za rangi kioo kizima. "Hongera kwa kutimiza miaka kumi na minane! Sasa unaweza kujisimamia. Washa mtandao ili mzazi wako athibitishe."

Washa mtandao. Mtego ulioje. Nilicheka peke yangu. Wanadhani tumezaliwa jana. Sikuuwasha.

Nilichosahau ni kwamba sherehe hiyo imepangwa kurudiwa. Tukiwa mezani, simu ikaanza kuimba mfukoni mwangu kwa sauti ya watoto wengi. Hongera, hongera, umekuwa mtu mzima. Shemeji aliacha kutafuna. Akanitazama, akamtazama Spika, akasema kwa utulivu wa mtu anayekadiria hasara kwamba kweli watoto wa siku hizi wanakua haraka. Spika akataka kujua ni nani aliyekuwa mtu mzima, na je, mtu huyo anaruhusiwa kuacha mboga. Dada akamwambia ale, huyo mtu mzima mwenyewe hajamaliza zake.

Kulikuwa na kitu kwenye macho ya shemeji. Alifungua mdomo kama anayetaka kusema neno, kisha akaninyooshea kopo la chumvi. Nikasema sihitaji, chakula kimekolea. Hakikuwa kimekolea.

Nimerudisha tarehe mahali pake. Sitaki kwenda tena kule.


Jumanne, 7 Mei

Nimekwenda kwa fundi simu. Kibanda chake kimebanwa kati ya mpiga picha za pasipoti na mshona viatu, na mlangoni ameandika kwa rangi nyekundu DAKTARI. Ndivyo anavyotaka kuitwa. Nilimwita fundi, akajifanya hajasikia.

Nikamweleza. Akaichukua simu kwa vidole viwili, akaiwasha, akausoma ujumbe wa mwezi kwa sauti ili mshona viatu naye asikie. Akasema, "Dada, hii simu inalelewa vizuri kuliko watoto wangu." Mshona viatu akasema kuliko hata yeye mwenyewe. Wakacheka wote wawili. Nikawaambia nina shahada. Daktari akasema hilo halimzuii, yeye hutibu watu wa kila aina.

Kisha akaipasha moto kidogo, akaingiza kipande chembamba cha plastiki pembeni, akaifungua kama mtu anavyofungua ganda la yai. Akaiweka chini ya lenzi kubwa yenye taa. Akaniambia nichungulie.

Nilichungulia. Naandika polepole sasa ili nisipunje.

Ulikuwa mji. Mji uliotazamwa kutoka juu sana, saa ya mapema, kabla mtu yeyote hajaamka. Majengo meusi yenye paa laini. Barabara za dhahabu zilizopinda kwa adabu bila kugongana hata moja. Viwanja vidogo vya fedha. Hakuna kilichowekwa kwa bahati. Kila kitu kilijua jirani yake. Nikamwuliza Daktari, kwa kunong'ona, kufuli liko wapi hapo. Akakuna kichwa kwa bisibisi. Akasema kufuli haliko mahali, dada, kufuli liko kila mahali, kama harufu ya samaki.

Hakujua alichosema. Mimi niliduwaa. Mshona viatu ilibidi aniguse bega, nilikuwa nimemfunikia taa.

Hatimaye Daktari akatangaza tiba. Ataifuta yote. Itakuwa kama imezaliwa leo, haina baba wala mama. Alikuwa ameshashika kidude chake. Nikamwuliza usajili wangu wa usaili je, utabaki? Akasema mtoto aliyezaliwa leo atakumbuka usaili gani. Nikamwambia asiiguse. Akasema tiba imeshaanza. Nikamwambia aisimamishe. Akasema yeye ndiye daktari. Nikaivuta. Akaivuta. Mpiga picha za pasipoti akatoka nje na kamera yake, sijui kwa nini.

Nimerudi nayo. Mfuniko wa nyuma haukai, nimeubana kwa mpira wa nywele. Na kitufe cha sauti kimekufa. Sauti imekwama juu kabisa. Saa nane mwezi ulipochomoza, bata alitangaza kwa mtaa mzima kwamba ni wakati wa kupumzika, rafiki yangu. Jirani alijibu asante.

Bado siku mbili. Sili vizuri.


Jumatano, 8 Mei

Nimesoma maelezo ya simu, yale maandishi madogo ambayo hakuna asomaye. Nimeyasoma yote kwa heshima. Humo nimekuta mlango: mzazi anaweza kutoa ruhusa kwa uso wake. Hahitaji namba. Aitazame simu tu, karibu, kwa muda mfupi.

Kumbe ufunguo umekuwa ukikaa mbele yangu kila asubuhi, unakunywa chai.

Mpango ulikuwa mwepesi. Nimwonyeshe shemeji picha fulani, aikodolee macho, simu imsome, nishukuru, niondoke. Huko si kuomba. Anayetazama picha hajaombwa kitu. Nililipima jambo hilo upande wa maadili usiku kucha na nikaridhika.

Nikakaa karibu naye. Nikamwambia kuna picha ya gari lililogonga nguzo, nataka maoni yake ya kitaalamu. Uso ulimng'aa. Ajali humpa raha ambayo mtu mwingine hupata kwenye muziki. Akasogea. Akavaa miwani. Simu, kwa sauti yote ambayo Daktari aliiachia, ikasema: "Uso haujatambulika. Tafadhali vua miwani."

Tulinyamaza sote. Hata Spika.

Shemeji akavua miwani, taratibu. Akaiweka mezani. Akaitazama simu kwa macho yake matupu, ambayo bila miwani ni madogo na ya kirafiki. Simu ikasema: "Sogea karibu." Akasogea. "Angalia juu kidogo." Akaangalia juu kidogo. "Uso umetambulika," ikasema, "lakini taarifa ya maagizo mapya ya mzazi imefika kwa ujumbe mfupi. Washa mtandao kuyapokea."

Maagizo mapya. Kwa hiyo ameniongezea makufuli. Nilijua. Aliupata ule ujumbe wa Jumapili, na akajibu kama wanavyojibu wenye mamlaka.

Nikaibana simu kifuani, nikasema picha imepotea. Shemeji alivaa miwani yake. Akasema pole. Akaanza kuuliza kama data yangu, na mimi nikainuka kabla hajafika mwisho wa sentensi. Sitahojiwa kuhusu data na mtu aliyenifungia.

Nikiwa koridoni nilimsikia Spika akimwuliza baba yake kwa nini mama mdogo anakimbia na chai. Baba akasema mama mdogo anafikiri. Spika akasema basi kufikiri kunamwaga.


Alhamisi, 9 Mei

Ni jioni na blauzi ya usaili bado sijaivua.

Saa nane mwezi ulichomoza. Nilikuwa nimevaa blauzi ya kijani na nimesogeza gunia la mkaa ili nyuma yangu paonekane ukuta tu. Dada alikuwa hospitalini, zamu ya mchana, na simu yake. Shemeji ofisini. Spika shule. Mimi na mwezi.

Nilijaribu namba tatu mpya. Nilijaribu kuiweka juani. Nilijaribu, na hili nisilisome tena kamwe, kuieleza hali yangu kwa sauti. Ikafika saa tisa kasoro robo. Kwenye kioo kizima kilichofungwa palikuwa na kitufe kimoja tu kilicho hai, kikubwa, cha duara, chenye picha ya moyo: "Mpigie mzazi."

Nilikizunguka kitufe hicho kama ninavyoizunguka meza. Nikafikiria jopo limekaa tayari, wanatazama nafasi tupu yenye jina langu. Nikafikiria ule mwaka ambao hakuna mtu ndani yake. Nikabonyeza.

Alipokea papo hapo, anahema. Kwenye simu yake mimi ni picha ya sungura na neno Mwanangu. Akasema, "Naam mwanangu, kuna nini? Umeumia?" Sikuwahi kumsikia shemeji akiwa na sauti hiyo. Akauliza tena. Nikasema, "Shemeji, ni mimi." Kisha nikalitoa lile neno, likatoka kavu kama punje ya mchele: naomba.

Akauliza naomba nini tena, mbona aliniruhusu tangu Jumapili.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Alikuwa anapiga pasi, ombi likaingia, akaiweka pasi wima, akabonyeza ndiyo. Akafungua kila kitu, video, wageni, saa zote. Akasubiri nifurahi. Sikufurahi. Akamwuliza dada, dada akasema aniache, mimi ni mtu wa ndani sana. Akaona asiseme neno, kwa sababu alijua sitaki kumwomba, na hakutaka kunilazimisha hata kushukuru. Jana alipotaka kuuliza nikakimbia na chai. Halafu akasema, polepole, "Shemeji, umezima data?"

Nikasema hapana. Nikasema ndiyo.

Akasema, "Washa basi, mwanafalsafa. Watu wanakungoja."

Niliiwasha. Mwezi ukavua kofia yake ya kulalia. Sitanii. Ukaivua, ukainama, ukazama, na nyuma yake pakawa na anga lote, programu zote, zimepangwa kimya, kama zilizokuwa zimesimama mlangoni siku zote hizo na mimi ndiye niliyekuwa nimeegemea mlango kwa ndani. Machozi yalinitoka. Mtu wa bima. Siku nne alibeba kimya chake kwa ajili yangu, akala chakula kisicho na maneno ili nisione haya. Sikujua mtu anaweza kufungua hivyo.

Niliingia nimechelewa dakika chache. Jopo lilikuwa mama mmoja wa makamo, ndiye mwenyekiti, na mzee mwembamba asiyeinua macho. Wakaniuliza mengi nikayajibu. Mwisho mzee akasema nimweleze kufuli ni nini, kwa maneno yangu, kama ningelieleza kwenye kamusi.

Sijui nani alisema ndani yangu. Nilisema kufuli ni kitu kinachokujulisha kwamba upande wa pili kuna cha thamani, na kwamba yupo mtu aliyekifikiria kabla yako. Mzee akainua macho. Akaandika.

Akiwa bado anaandika, bata akapaza sauti, "Umefanya vizuri, rafiki yangu! Chukua nyota!"

Mwenyekiti akauliza niko na nani chumbani. Nikasema bata. Alicheka mpaka akaondoka kwenye picha.

Waliniambia watapiga Jumatatu au Jumanne kwa simu ya mezani ya ofisi. Kamusi inaingia mtamboni mwisho wa mwezi, hawana muda wa kumtafuta mtu. Asiyepatikana, nafasi inakwenda kwa anayefuata. Wakataka namba ya uhakika. Niliitazama simu yangu na mpira wake wa nywele. Nikawapa ya dada. Simu ya dada haijawahi kumkosa mtu.

Shemeji aliporudi nilimwomba chumvi mbele ya watu wote. Alinipa kwa mikono miwili.


Jumapili, 12 Mei

Shemeji amenifanyia jambo kubwa. Kusudi nisifungiwe tena na mtu yeyote, ameniandikisha kuwa mzazi wa pili wa vifaa vyote vya nyumba. Simu hii, kompyuta ya Spika, televisheni ya sebuleni. Aliniwekea, akanikabidhi, akasema sasa tuko sawa.

Nilikaa chumbani nikaifungua ile sehemu. Kumbe upande huu ndivyo ulivyo. Vitufe vidogo vya kijani, kimoja kwa kila uhuru. Ukigusa, kinakuwa kijivu. Mahali fulani, kitu kinazimika. Nilijaribu kimoja, kwa utafiti tu. Sebuleni nilisikia sauti ya Spika ikisema eee.

Niliapa kutotumia. Kisha nikafikiri. Yule anayeona vizuri na asiongoze, ana udhuru gani? Nyumba hii hutazama televisheni bila mpango. Nikaiwekea saa mbili usiku, mwisho.

Saa mbili usiku shemeji alikuwa anatazama mechi, ameshika mto kwa meno. Mpira umewekwa kwenye doa la penalti. Mwezi ukachomoza. "Muda wa leo umekwisha. Mwombe mzazi." Akageuka pole pole. Akasema, "Shemeji, mzazi humu ni nani?"

Ombi lake likaingia kwenye simu yangu, na bata akalitangaza. Nililisoma. Sikukataa. Lakini ombi ni jambo la kutafakariwa, si la kubonyezwa ovyo ovyo, na nilitaka kulipa heshima yake. Nilipomaliza kutafakari wachezaji walikuwa wanapeana mikono. Shemeji hakugomba. Alikaa akitazama nyasi tupu. Dada akamwambia si ulisema mko sawa.

Nadhani naye aliguswa.


Jumatatu, 13 Mei

Dada amehamia zamu ya usiku. Alirudi asubuhi macho mekundu, akalala, na simu ikaanza. Wauzaji wa viwanja. Wauzaji wa dawa za nywele. Mtu anayetaka kumpa mkopo ambao hajauomba. Akatoka chumbani na shuka kichwani, akanipa simu yake. Akasema, "Mdogo wangu, wewe uliyesomea makufuli, nifungie hawa watu nilale. Nitakushukuru kaburini."

Imenichukua muda mfupi kuliko kuchemsha yai. Sasa zinazolia ni simu za wale tu aliowahifadhi kwa majina. Wengine wote wanapiga kwenye giza. Hawajui kwamba hawasikiki. Wao wanasikia simu inaita, inaita, na upande huu hakuna hata mtikisiko.

Nilikaa nayo nikaitazama. Asubuhi nzima dada amelala bila kugeuka.


Jumanne, 14 Mei

Amani iliyomo humu ndani haielezeki. Dada anakoroma. Televisheni inajua saa yake. Spika amejifunza kuandika ombi kwa heshima na salamu zote. Shemeji siku hizi hunitazama kwa makini sana kabla ya kugusa chochote chenye umeme.

Jopo bado halijapiga. Sina haraka. Watu wa kamusi hupima neno mara nyingi kabla ya kulitoa, nami ndivyo ningependa wanipime. Simu ya dada nimeishika mkononi tangu asubuhi, imejaa chaji, nikiwangoja.

Kwa kuwa nilikuwa nangoja, nikafungua orodha ya waliozuiwa, nione kazi yangu inavyokwenda. Mama yangu weee! Namba moja ya mezani, ile ile, jana mara mbili, leo asubuhi, leo adhuhuri, na tena sasa hivi nikiwa naandika. Hao wauza viwanja wana ukaidi ambao sijauona kwa binadamu. Nilitazama kitufe cha kuzuia, nikatazama simu. Kule mtu anapiga, anangoja, anatumaini. Huku kimya cha msikiti. Kufuli halikutikisika.

Imepiga mara ya mwisho saa kumi na moja kasoro, wakati ofisi zinafungwa. Nikaona huyu anahitaji msaada wa kuacha. Nimeihamishia kwenye waliozuiwa daima.